Chombo kimefika shuleni, saa ya kukitumia iko wapi?

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu wakuu, maofisa elimu wa kata na watumishi wa halmashauri.



Nimeombwa nizungumze juu ya matumizi ya teknolojia darasani. Neno hili siku hizi hutajwa kwa heshima kubwa, na kila anayelitaja hutazama juu, kana kwamba anatazama ndege ikipita. Mimi leo nataka kulishusha neno hilo mpaka kwenye kabati la chuma lililomo ofisini mwa mwalimu mkuu, kwa sababu humo ndimo sehemu kubwa ya teknolojia ya shule zetu inamolala.

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwezi Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa viligawiwa kwa walimu. Lilikuwa jambo la busara. Mali ya umma iliyokwisha kununuliwa kwa kazi moja ikapewa kazi ya pili, badala ya kuachwa ioze maghalani. Sina ugomvi na uamuzi ule, wala sitegemei kwamba yumo humu ndani mtu mwenye ugomvi nao. Ila hapana budi tuulize: kazi ile ya pili imefanyika kwa kiasi gani? Nimezunguka shule kadha, nami nimeona vyombo vya namna nyingi, vishikwambi, kompyuta za msaada, projekta zilizoletwa na wahisani, vikiwa vimefunikwa vitambaa safi kama vyombo vya arusi ambavyo mwenye nyumba anangoja mgeni mkubwa ndipo avitoe.

Yako maelezo mepesi ya hali hiyo, nayo ni kwamba walimu wetu ni wavivu, au wazee, au wanaogopa mambo mapya. Maelezo hayo hutolewa zaidi na watu wasiofundisha. Naomba tuyaweke kando, tutazame jambo lenyewe linavyokwenda.

Mtumishi anapopokea chombo cha Serikali hutia saini. Tangu dakika hiyo chombo kimo katika daftari la mali na jina lake liko pembeni. Kikipotea, ataandika maelezo, na huenda akakilipa kutoka katika mshahara wake. Kikivunjika mkononi mwa mtoto wa darasa la tano, ataulizwa kwa nini mtoto yule alikishika. Lakini kisipotumika hata siku moja kwa mwaka mzima, hakuna mkaguzi atakayemwuliza neno. Tena atasifiwa kwamba anatunza vizuri mali ya umma. Sasa ndugu zangu, mtu mwenye akili timamu akiwekewa kanuni ya namna hiyo atafanya nini? Atafunga kabati, na ufunguo atauning'iniza shingoni. Huo si uvivu. Ni utii wa kanuni ambayo iliandikwa kwa ajili ya viti, meza na matrekta, ikaletwa vilevile bila kubadilishwa juu ya chombo ambacho thamani yake yote imo katika kushikwa na mikono mingi ya watoto.

Naanza na jambo hili dogo la ukarani kwa makusudi. Watu wengi wakizungumza juu ya teknolojia shuleni huanza na mashine. Mimi nasema mashine ni sehemu rahisi kuliko zote, kwa kuwa inanunuliwa. Vitu vinavyoizunguka mashine, yaani saa ya mwalimu, lugha ya somo, fundi, umeme na kanuni ya daftari, havinunuliwi dukani, na hivyo ndivyo vinavyoamua kama mtoto atajifunza.

Nchi yetu inalijua jambo hili kuliko nchi nyingi. Hatukuanza na vishikwambi. Mwaka 1973, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Chombo chake kilikuwa redio, kitu ambacho leo kijana wa sekondari anakiona cha kale. Kwa majuma 12 wananchi wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, vijijini na mijini, wakasikiliza, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka nje wakachimba vyoo, wakafyeka majani karibu na nyumba na kufukia madimbwi ya mbu. Wataalamu wa elimu wa nchi za nje waliandika sana juu ya kampeni hiyo, na wengi wao walivutiwa na redio. Nadhani walivutiwa na kitu kisicho na miujiza. Kabla ya sauti ya kwanza kusikika hewani, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamekwisha kufundishwa. Vijitabu vilikuwa vimechapishwa kwa Kiswahili, lugha ambayo msikilizaji alizungumza na jirani yake. Siku na saa ya kukutana ilijulikana. Na baada ya kila somo palikuwa na kazi ya kufanya kwa jembe na koleo. Redio ikiharibika, kikundi kiliweza kuendelea kwa kijitabu na kiongozi wake. Kiongozi akikosekana, redio ingeimba peke yake.

Miaka michache baadaye, tulipokuwa tukijiandaa kwa Elimu ya Msingi kwa Wote iliyotimizwa mwaka 1977, tulikuwa na upungufu mkubwa wa walimu, na vyuo visingeweza kuwatoa kwa wakati. Tukawachukua vijana waliomaliza elimu ya msingi, tukawafundisha ualimu wakiwa huko huko vijijini, kwa masomo ya posta, kwa redio, kwa mwalimu mzoefu aliyewasimamia, na hatimaye kwa majuma machache chuoni. Walimu zaidi ya 35,000 walipatikana kwa njia hiyo. Yako mengi ya kusemwa juu ya ubora wa mafunzo yale, na waliofundishwa na walimu wale wanayasema. Mimi nataja jambo moja tu. Katika mpango huo redio ilikuwa kiungo kimoja kati ya vinne, na hakuna aliyedhani kwamba kijana angekuwa mwalimu kwa kukaa mbele ya redio.

Na tuseme pia upande wa pili, maana historia haitufai kitu tukichagua kurasa zinazotupendeza. Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu iliingia Hazina mwaka 1965. Katika miaka iliyofuata, mitambo na kazi iliyokusudiwa havikuoana, hesabu zilivurugika, na hasara ilikuwa kubwa. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wako wanaoucheka uamuzi huo leo. Mimi siucheki, ila nasema kwamba swali lilikuwa sahihi na jibu halikuwa sahihi. Swali lilikuwa: kwa nini tununue kwa fedha za kigeni kitu ambacho sisi hatukijui na muuzaji ndiye peke yake anayekijua? Jibu lililofaa lingekuwa kuwafundisha wanunuzi. Tulichofanya ni kuufunga mlango, na ulipofunguliwa tena wanunuzi walikuwa wachache bado, na wauzaji walikuwa wengi zaidi.

Swali lile la 1974 liko mezani mpaka leo. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023, iliyohusu teknolojia katika elimu ya dunia nzima, inaeleza kwamba bidhaa za teknolojia ya elimu hubadilika kwa wastani kila miezi 36. Hebu fikirini juu ya muda huo. Halmashauri ikianza leo kuandika maombi, ikapitisha bajeti, ikatangaza zabuni, ikapokea, ikagawa, ikafundisha walimu, mwaka na nusu umekwisha. Kilichobaki ni nusu ya maisha ya bidhaa.

Wenzetu wamelipa ada ya somo hili, nasi twaweza kulisoma bure. Ivory Coast, kuanzia mwaka 1971, ilijenga mpango mkubwa wa kufundisha shule za msingi kwa televisheni. Masomo yalitengenezwa Bouaké na kurushwa nchi nzima, hata kwenye vijiji visivyo na umeme, ambako seti za televisheni ziliendeshwa kwa betri. Mwalimu wa darasa akawa mtu wa kuwasha, kuzima, na kuwanyamazisha watoto. Mwalimu aliyekuwa na jambo la kusema juu ya somo hakuwa na nafasi ya kulisema, kwa kuwa picha haikumngoja. Walimu walinung'unika, wazazi walinung'unika, gharama zikapanda, na mwaka 1982 mpango ukafungwa.

Peru ilianza mwaka 2007 kununua kompyuta ndogo kwa ajili ya watoto wa shule, na hatimaye ikanunua mamia ya maelfu. Mwaka 2012 Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika shule 319 za vijijini. Katika hisabati na lugha hapakuonekana nafuu yoyote kwa watoto waliopewa kompyuta ukiwalinganisha na wenzao wasiopewa. Kuna mafanikio kidogo yaliyoonekana katika majaribio ya jumla ya kufikiri, na ni haki kuyataja. Lakini wazazi wa Peru hawakuambiwa kwamba fedha zile ni za majaribio ya kufikiri.

Karibu nasi zaidi, majirani zetu wa Kenya waliahidiwa mwaka 2013 kwamba kila mtoto anayeanza darasa la kwanza angepata kompyuta mpakato. Mabishano ya zabuni yakachukua miaka. Mpango ulipoanza kweli mwaka 2016, kompyuta mpakato ilikuwa imegeuka kishikwambi, na watoto wale wa ahadi walikuwa wamekwisha kupanda madarasa. Vifaa zaidi ya milioni 1 viligawiwa. Wakenya wenyewe wamejadili kwa uwazi mkubwa, bungeni na magazetini, mambo ya vifaa vilivyobaki stoo, vilivyoibiwa, na walimu waliopewa mafunzo ya siku chache tu. Lakini kuna faida moja ambayo hutajwa mara chache: kwa sababu ya vishikwambi ilibidi maelfu ya shule za msingi ziunganishwe na umeme. Taa ile inawaka hata pale ambapo kishikwambi kimekufa. Laiti mipango yote iliyokwama ingeacha kitu kama hicho!

Sasa turudi darasani petu, tupige hesabu kama tunavyowafundisha watoto.

Chukueni shule iliyobahatika kupata chumba cha kompyuta chenye mashine 20. Darasa lina watoto 80, na mnajua kwamba nimekuwa mpole kutaja 80. Watoto wanne kwa mashine moja. Kipindi ni dakika 40. Kuwatoa watoto darasani, kuwapanga, kuwasha mashine na kungoja zifunguke, tuseme dakika 10, kama hakuna iliyogoma. Zimebaki dakika 30. Zigawe kwa wanne: kila mtoto atashika kipanya kwa dakika saba na nusu. Kipindi hicho kikiwa kimoja kwa juma, basi mtoto huyo atapata kama nusu saa tu kwa mwezi. Kisha twamwuliza mwalimu kwa nini mtoto hajui kuandika barua kwa kompyuta.

Umeme nao. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake hula wati 100 hivi. Mashine 20 ni kilowati 2. Zikifanya kazi saa tano kwa siku ni uniti 10, na kwa siku 20 za masomo ni uniti 200. Kila mmoja wenu hununua umeme wa nyumbani kwake, kwa hiyo bei sihitaji kuisema. Mtapiga hesabu hiyo wenyewe njiani mkirudi. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji iliwekwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Kwa shule ya watoto 600, hata kama zote zingefika shuleni bila kupungua, ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Katika fedha hizo imo chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, michezo, na shajara za walimu. Katika orodha hiyo, mahali pa kununua betri mpya ya umeme wa jua sijapaona. Betri ya namna hiyo huchoka baada ya miaka michache hata ikitunzwa kama yai. Ikichoka, vibao vya jua juu ya paa vinabaki kuwa mapambo, na wazazi waliochangishwa nguvu zao kubeba mchanga wa kujengea chumba hicho wanajifunza somo ambalo hatukukusudia kuwafundisha.

Nimesema lugha. Hapa naomba nikae kidogo, kwa kuwa jambo hili hupitwa haraka.

Mtoto wetu wa shule ya msingi ya Serikali hufundishwa kwa Kiswahili. Anajua sehemu, desimali, mzunguko wa maji, mfumo wa mmeng'enyo wa chakula. Siku anapofunguliwa kompyuta, yote yaliyomo yanamsemesha kwa Kiingereza: maagizo, michezo ya hesabu, video za sayansi, hata onyo kwamba kuna kosa. Mwalimu inambidi asimame kati ya mtoto na mashine akiwa mkalimani. Mashine iliyoletwa kupunguza kazi ya mwalimu imemwongezea kazi ya pili, na mtoto amejifunza kimyakimya kwamba lugha yake inafaa kwa ubao na chaki lakini haifai kwa mambo ya kisasa. Kasumba hiyo tuliipiga vita tangu Azimio la Arusha, na sasa inarudi ikiwa imewashwa taa.

Tena hatuwezi kudai kwamba haiwezekani. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu iliyotafsiriwa yote kwa Kiswahili. Wataalamu walikaa wakatafuta neno kwa kila amri, nasi tukapata kipanya, faili, hifadhi, chapa. Kazi ile ilifanyika. Ni shule ngapi kati ya zetu zilipata kuifungua? Hatukukosa maneno wala wataalamu. Tulikosa waraka mmoja wa kusema kwamba kompyuta yoyote itakayoingia katika shule ya msingi ya Serikali, iwe imenunuliwa au imetolewa zawadi, sharti iwe na programu inayozungumza lugha ya kufundishia. Mhisani angelalamika kwa mwezi mmoja, kisha angetii, kama anavyotii masharti ya forodha.

Huu ndio pia wakati wa kusema neno juu ya akili unde, ambayo vijana wameanza kuitumia kuandikiwa insha. Wengine wanataka ipigwe marufuku. Somo la 1974 lingetosha kututahadharisha. Mimi linanisumbua zaidi jambo jingine: mitambo hiyo imelishwa maandishi ya lugha nyingine kwa wingi usiopimika, na ya kwetu kwa kijiko. Mwalimu wa historia akiiuliza juu ya Vita vya Majimaji, atajibiwa kwa ufasaha na kwa kujiamini, na asipokuwa mjuzi hatajua ni wapi pana uongo. Kwa hiyo chombo hicho kinamtaka mwalimu anayejua somo lake kuliko zamani. Anayedhani kwamba kitamruhusu kuajiri walimu wachache au wasiosoma sana amekielewa kinyume.

Ndugu Mwenyekiti, nimekuwa nikitaja saa ya mwalimu, nami sijaeleza imekwenda wapi. Nitaeleza, ingawa najua watumishi wa ofisi waliomo humu hawatafurahi.

Teknolojia imefika shuleni, na imefika kwa nguvu, ila imeingia kwa mlango wa ofisi. Kuna mfumo wa kompyuta wa kuandikisha watahiniwa, mfumo wa hesabu za fedha, mfumo wa takwimu za wanafunzi, mfumo wa manunuzi, mfumo wa likizo na wa kupima utendaji wa mtumishi mmoja mmoja. Kila mmoja una nywila yake na tarehe yake ya mwisho. Kila mmoja, ukiutazama peke yake, una faida, nami sitaki turudi kwenye mafaili yaliyoliwa na mchwa. Lakini yote kwa pamoja inamwangukia mwalimu yule yule. Pale ambapo mtandao ni hafifu, anapanda kilimani na simu yake mwenyewe, kwa bando alilolinunua mwenyewe, saa nne asubuhi, na darasa lake limeachiwa kiranja. Ikiwa ofisini wanahesabu idadi ya shule zilizojaza fomu kwa wakati, basi nani anahesabu vipindi vilivyopotea kwa ajili ya kujaza fomu hizo?

Wakati huo huo, mwalimu huyo anapimwa kwa matokeo ya mtihani wa darasa la saba, mtihani unaofanywa kwa karatasi na kalamu. Kipindi alichotumia kuwafundisha watoto kutafuta habari kwa kompyuta hakina alama hata moja katika mtihani huo. Akikiacha hatapoteza kitu, na akikishika anaweza kupoteza nafasi ya shule yake katika orodha ya wilaya. Twaweza kuwahutubia walimu mpaka jua lizame. Mzani huo ukibaki ulivyo, wataendelea kufuata mzani.

Basi nini kifanyike? Sitatoa orodha ndefu. Semina zetu zina orodha nyingi mno.

La kwanza kwangu ni ile kanuni ya daftari. Naomba wahusika waitenge mali ya kufundishia inayochakaa kwa kutumiwa na mali inayopotea kwa uzembe. Kishikwambi kilichovunjika darasani mbele ya watoto, na mwalimu akaandika siku hiyo hiyo katika daftari kilivunjikaje, kihesabiwe kama chaki iliyokwisha. Na mkaguzi anapokuja aulize swali jipya: chombo hiki kimetumika vipindi vingapi mwezi huu? Kabati lililofungwa mwaka mzima liwe ndilo la kuandikiwa maelezo.

Kisha fedha za matunzo. Halmashauri isikubali kununua wala kupokea zawadi ya mashine bila kuonyesha katika bajeti fungu la umeme, betri na fundi. Mhisani anayetoa kompyuta 20 aambiwe kwa adabu kwamba tunamshukuru, na kwamba tungefurahi zaidi akitoa 12 pamoja na fundi wa miaka mitatu. Vijana waliosoma ufundi wa vifaa vya elektroniki katika vyuo vya VETA wamo wilayani mwetu, wengine wanatengeneza simu chini ya miti stendi. Fundi mmoja wa namna hiyo, akiajiriwa kuzungukia shule kwa pikipiki, angefufua vyombo vingi kuliko zabuni yoyote.

Na mafunzo ya walimu yasiwe siku mbili za hotelini ambako mwezeshaji anabonyeza na walimu 60 wanatazama. Mfano tunao, tena ni wa nyumbani: vikundi, kijitabu, kiongozi aliyefundishwa, saa inayojulikana, na kazi ya kufanya baada ya somo. Walimu watano wa kata moja wakikutana kila juma na kishikwambi kimoja, wakatayarisha somo moja la kweli la juma lijalo, wakalifundisha, wakarudi kuambiana lilikwendaje, watakuwa mbali baada ya muhula mmoja. Gharama yake ni nauli, na saa moja iliyookolewa kutoka kwenye zile fomu.

Mimi sidai kwamba kila shule iwe na chumba cha kompyuta mwaka huu. Kwa shule nyingi naona ni afadhali kitu kidogo kinachofanya kazi: projekta moja ndogo, spika moja, kishikwambi kimoja cha mwalimu kilichojazwa masomo ya Kiswahili yasiyohitaji mtandao. Watoto 80 watauona moyo ukidunda ukutani, vali zikifunguka na kufunga, na mwalimu wao ndiye anayewaeleza, akisimamisha picha anapotaka yeye. Mwalimu wa televisheni ya Bouaké hakuwa na uwezo huo wa kusimamisha. Shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yakahamia redioni na kwenye televisheni mpaka mwishoni mwa Juni, nasi sote tuliona tofauti kati ya mtoto aliyekuwa na mtu wa kumwuliza pale nyumbani na yule aliyesikiliza peke yake akichunga mbuzi.

Wako watakaosema kwamba mwendo huu ni wa polepole na dunia haitungoji. Nawajibu kwamba watoto wa Peru walikimbia sana, wakafika palepale. Lakini nakubali kwamba polepole nayo ina hatari yake, maana mtoto wa shule ya kulipia mjini hangoji waraka wetu. Yeye ana kompyuta nyumbani, na mzazi wa kumwelekeza. Kila mwaka ambao kabati la shule ya kijijini limefungwa, mtoto wa mkulima anaachwa nyuma na mwenzake kwa mwaka mwingine, na tofauti hiyo itaonekana siku watakapoomba kazi moja. Ndiyo sababu sikubali kwamba jambo hili ni la wataalamu wa TEHAMA peke yao. Linahusu ahadi tuliyowapa wananchi, kwamba shule ya umma itamfikisha mtoto wa mtu yeyote mahali anapofika mtoto wa mwenye nacho.

Kesho mtakaporudi vituoni, Ndugu Walimu Wakuu, nawaomba mfungue daftari la mali. Tafuteni mstari wa kila chombo cha umeme. Andikeni kwa kalamu ya risasi pembeni yake: kilitumika mara ya mwisho lini, na nani, kwa somo gani, na kimekosa nini ili kitumike tena. Ukurasa huo mnakilini na kumpelekea ofisa elimu kata, naye aupeleke wilayani jinsi ulivyo, bila kuupamba. Watumishi wa halmashauri waliomo humu wamenisikia, na wataulizwa habari zake katika kikao kijacho.